Mchele wa Jumapili

Mama hakusafisha koo, hakusema "kaeni tuongee."
Alikuwa anachambua mchele, Tabata Kimanga,
ungo mapajani, miwani imefungwa uzi upande mmoja,
akasema kama mtu anayeagiza chumvi:
"Siku nikishindwa kumeza, msinilazimishe."

Nikainuka kwenda kutazama jiko.
Jiko lilikuwa salama.

"Rudi, Fortunata. Sijamaliza."

Miaka thelathini na moja alivaa gauni jeupe,
wodi ya wanawake, zamu za usiku nyingi kuliko za mchana.
Ameyaona ya koridoni: ndugu wanavutana mashati,
huyu anataka mashine, yule anataka maombi,
wa tatu kashaenda kutafuta mnunuzi wa kiwanja,
na mgonjwa ndani, macho kafumba, anasikia kila neno.
"Sikio ndilo huondoka mwisho," alisema,
akatoa jiwe, akalirusha uani;
kuku akalikimbilia, akarudi bure.

Tukampigia Kasiani, yuko Mwanza.
Simu juu ya stuli, sauti wazi.
"Mama, acha uchuro. Mungu apishe mbali."
"Mungu nimeshaongea naye. Mmebaki nyie."
Kule Mwanza kukawa kimya,
kimya cha kulipia, dakika nzima.

Basi akataja, nami nikaandika
nyuma ya ankara ya maji, ndiyo karatasi iliyokuwa karibu:
kiwanja cha Chanika kisiuzwe kununua wiki mbili za mashine;
dawa ya maumivu, hiyo msiibanie hata tone;
padri aje ningali nalijua jina lake;
kitenge kile cha kijani,
siyo cha harusi ya Sabina,
kile kimenibana nikiwa hai, itakuwaje nikilala.

"Na msinisafirishe."

Hapo Kasiani sauti ikamkatika.
"Na Peramiho je? Baba yuko kule. Bibi yuko kule.
Watu watasema tumekutupa."
"Watasema. Lini watu walikosa la kusema?
Wewe mara ya mwisho kufyeka kaburi la baba yako
ilikuwa mwaka gani?"
Hakujibu. Nami sikujibu, ingawa sikuulizwa.
"Kilomita mia tisa na ushee, basi la kukodi,
michango ya watu wanaodaiwa ada.
Nizikeni hapa mnapopita, mnisalimie mkienda sokoni."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.
Akautazama mchele kitambo, kama umemwambia kitu.
"Ila udongo wa kule... kiganja kimoja.
Kama kuna mtu anakuja. Kama hakuna,
basi."

Hilo nililiandika polepole, kalamu ikigoma.

Kisha, bila kuinua uso:
"Na wewe?"
"Mimi nini?"
"Wewe unataka nini?"
"Mama, nina miaka arobaini na nne."
"Barabara ya Mandela haiulizi cheti cha kuzaliwa."

Nikafungua mdomo.
Rangi ya mapazia naijua,
siku ya kikoba naijua, deni la fundi bomba, alama za mtoto za hesabu.
Lakini nani anishike mkono, na nani asiingie kabisa chumbani,
nilikuwa sijawahi kujiuliza, na sasa kuku, jiko,
na ndugu yangu aliye Mwanza,
wote walikuwa wananisubiri.

"Msinivalishe soksi," nikasema.

Mama akacheka. Akacheka hadi miwani ikaanguka na uzi wake,
hadi ungo ukapinda na mchele ukamwagika sakafuni,
uliochambuliwa na usiochambuliwa, pamoja;
hata Kasiani tukamsikia, anacheka huku anavuta kamasi.

Tukapiga magoti kuokota, mimi na yeye.
Kiuno chake kikalia kama bawaba.

"Andika hilo la soksi," akasema.
"Na tarehe uweke."